Turubai, Hema na Mvua za Kanda ya Ziwa: Mlaji Akague Nini, Adai Nini

Katika mwambao wa Ziwa Victoria, turubai si bidhaa ya anasa. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hufunika kwalo magunia yake. Mmachinga wa Makoroboi hulitandaza juu ya meza ya biashara. Familia iliyofiwa hukodi kubwa la kuwakinga waombolezaji, na msafiri anayeingia Serengeti kupitia lango la Ndabaka hulala chini ya kitambaa kilichofungwa kwenye gari la paa la kuinua. Wote hawa hununua au hukodi ahadi ileile, kwamba maji hayatapita. Ahadi hiyo huaminiwa mchana wa jua na hupimwa usiku wa mvua, wakati muuzaji amelala nyumbani kwake na risiti, kama iliwahi kutolewa, imekwisha kupotea.

Tumeandaa makala haya ili mlaji aweze kuipima ahadi hiyo mapema, akiwa bado dukani na fedha zikiwa bado mkononi mwake. Jambo kuu tunalotaka alielewe ni hili: turubai au hema jipya huvuja mara chache sana katikati ya kitambaa. Huvuja kwenye mshono, kwenye kona, kwenye mkunjo na kwenye tundu la kamba. Kwa bahati mbaya, muuzaji hukunjua kipande cha katikati, akakimwagia maji kidogo na kusema, "Umeona, mama? Halipitishi hata tone." Anasema kweli kuhusu kipande hicho. Mnunuzi anapaswa kuomba aonyeshwe sehemu zilizobaki.

Mvua yenyewe

Kanda ya Ziwa hupata misimu miwili ya mvua: Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na Masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza utabiri wa kila msimu kabla haujaanza. Mlaji ambaye riziki yake inategemea turubai anashauriwa kuufuatilia utabiri huo na kununua mapema, kwa kuwa anayekimbilia dukani mawingu yakiwa yametanda hakagui wala hapatani bei.

Ziwa nalo lina tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka kingo za ziwa kuelekea katikati, hewa yenye joto na unyevu hupanda juu, na mawingu ya radi hujengeka usiku wa manane na alfajiri. Ndiyo maana wakazi wa Ukerewe na wa vijiji vya kandokando ya maji huamshwa na ngurumo saa ambazo ni vigumu kuiona kamba iliyolegea. Upepo hutangulia, mvua hufuata, nayo hushuka kwa mshazari. Anayefunga turubai lake mchana kana kwamba mvua itashuka wima hukuta vitu vyake vimelowa kutoka ubavuni, huku juu pakiwa pakavu.

Kuna hesabu moja ambayo tungependa kila mlaji aijue. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji, na lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Turubai la mita 4 kwa mita 5 lina mita za mraba 20. Mvua ya milimita 30, ambayo dhoruba moja nzito inaweza kuimwaga, ni lita 600 juu ya turubai hilo. Likiwa na mteremko, maji hayo yote hushuka pembeni bila madhara. Likiwa limelegea katikati, hata theluthi moja tu ikituama, nguzo zinabeba kilo 200, sawa na wanaume watatu waliopanda juu ya paa. Watu waliokaa chini, iwe ni msibani au harusini, hawana habari mpaka nguzo itakapokatika. Kwa hiyo maji yanayotuama juu ya turubai si kero ya kulowa tu. Ni hatari kwa maisha, na anayekodisha maturubai ya shughuli anapaswa kuwajibika kuyafunga kwa mteremko.

Kitambaa: kipime kwa mizani, si kwa rangi

Maturubai yanayopatikana katika masoko yetu ni ya aina kuu tatu.

La kwanza, ambalo ni la bei nafuu na ndilo lililoenea zaidi, ni la plastiki iliyofumwa. Nyuzi bapa za plastiki hufumwa kama mkeka, kisha hupakwa utando mwembamba wa plastiki pande zote mbili. Mkeka ndio unaolipa nguvu, na utando ndio unaozuia maji. Utando ukipasuka, turubai hubaki na nguvu zake lakini linavuja. La pili ni la kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC, lile zito linalofunika malori. Hili hudumu miaka mingi, vipande vyake huunganishwa kwa moto badala ya uzi, na bei yake ni kubwa. La tatu ni la pamba nzito, ambalo wengi wetu tunalifahamu kutokana na mahema ya kijani ya kambi za skauti na ya jeshi. Hili lina maajabu yake, tutalirudia.

Kwa turubai la plastiki iliyofumwa, mlaji huelezwa mengi kuhusu rangi: kwamba la bluu ni imara kuliko la chungwa, au kwamba lenye fedha upande mmoja ni "orijino". Rangi haimwambii mnunuzi chochote kuhusu unene. Kinachomwambia ni uzito wa kila mita ya mraba, na uzito huo mlaji anaweza kuupata mwenyewe sokoni, mahali ambapo mizani haikosekani. Utaratibu ni rahisi. Pima urefu na upana kwa mita, zidisha upate eneo, kisha weka turubai kwenye mizani na ugawanye uzito kwa eneo hilo. Turubai la mita za mraba 20 lenye uzito wa kilo 1.4 lina gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Hilo ni jepesi, linafaa kufunika kitu kwa siku chache. Likiwa na kilo 2, ni gramu 100. Likiwa na kilo 4, ni gramu 200, na huo ndio unene unaokaribiana na wa maturubai ya plastiki ambayo mashirika ya misaada huwagawia wakimbizi wajengee makazi. Mlaji anayenunua turubai la kukaa nje msimu mzima asiridhike na gramu 70 kwa sababu tu limekunjwa vizuri ndani ya mfuko unaong'aa.

Vipimo vinahitaji neno la ziada. Maturubai mengi huuzwa kwa futi ilhali vipimo rasmi nchini ni vya mita, na mara nyingi ukubwa ulioandikwa ni wa kitambaa kabla hakijapindwa na kushonwa. Turubai la "futi 12 kwa 18" linapaswa kuwa na takribani mita 3.66 kwa 5.49. Likipungua nusu futi kila upande, mlaji amepoteza karibu asilimia 7 ya alichokilipia, na katika paa la kibanda nusu futi hiyo ndiyo inayotenganisha gunia kavu na gunia lililolowa. Futi ya fundi cherehani au ya fundi seremala inatosha kulibaini jambo hili dukani. Muuzaji anayekataa turubai lisikunjuliwe lote lipimwe amekwisha kujibu swali la mnunuzi.

Ubora wa turubai la plastiki unaathiriwa na jua kabla ya mvua. Mwanza ipo karibu na Ikweta, na uso wa ziwa upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi ya jua ni mikali mwaka mzima. Plastiki isiyotiwa kinga ya mionzi hukauka, hukakamaa na hatimaye hubanduka magamba. Muulize muuzaji kama turubai lina kinga dhidi ya jua, na jibu lake liandikwe. Kwa turubai lililokwisha kutumika, pitisha kiganja juu yake: likikuachia unga mkononi, utando umeanza kufa, hata kama halina tundu.

Mshono, kona na mkunjo

Baada ya uzito, mlaji ageukie maungio. Lishike turubai dhidi ya jua, mtu mmoja akiwa upande wa pili, na mtazame mwanga. Vitobo vidogo kama vya sindano huonekana vikimeremeta, hasa pale lilipokunjwa kwa muda mrefu ghalani. Kisha chukua sehemu yenye mshono, ishike iwe kama bakuli, mimina lita moja ya maji na usubiri dakika kumi. Dakika kumi ni nyingi katika soko lenye watu, lakini mshono mbovu hauvuji mara moja. Hulowana polepole, na tone la kwanza hujitokeza baada ya muuzaji kukwambia kwamba inatosha.

Pindo lenye kamba iliyoshonewa ndani ni imara kuliko lisilo nayo. Ringi za matundu zikivutwa kwa kidole zisitikisike. Ringi za chuma zinazoshika kutu hula kitambaa kilichozizunguka, na mtumiaji wa ufukweni huliona hilo mapema. Ringi ikishang'oka, mlaji asitoboe tundu jipya kwa msumari, kwani kila tundu jipya ni mahali papya pa kuchanika. Achukue kijiwe laini chenye ukubwa wa limau, akiweke chini ya turubai, akusanye kitambaa kukizunguka na afunge kamba shingoni mwake. Fundo hilo hushika vizuri, na kitambaa kinabaki kizima.

Kwa mahema ya nailoni au poliesta nyepesi, tazama kibandiko cha ndani. Mengi huandikwa namba kama milimita 1,500 au 3,000. Hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kilistahimili katika kipimo cha maabara kabla ya kupenywa. Mara nyingi namba ya paa na ya sakafu hutofautiana, na ya sakafu ndiyo muhimu zaidi kwa sababu goti au kiwiko cha mtu hukandamiza kitambaa kwenye udongo uliolowa kuliko tone la mvua linavyokandamiza paa. Namba kubwa haimsaidii mlaji iwapo mshono haukuzibwa kwa utepe upande wa ndani. Pitisha kidole juu ya mshono: utepe huo huhisiwa, ni laini na umebanwa kote. Ukianza kunyanyuka katika hema jipya, usilipokee.

Sasa turudi kwenye turubai la pamba. Likiwa jipya huvuja kidogo, na wengi hulirudisha dukani kwa hasira. Nyuzi za pamba huvimba zikilowa, zikabana nafasi zilizo kati yake, na maji hayapiti tena. Kwa sababu hiyo hema la pamba hulowanishwa na kukaushwa mara moja au mbili kabla ya safari ya kwanza. Likiwa limelowa, usiliguse kwa ndani wala kuegemeza begi ukutani mwake, kwa kuwa pale linapoguswa maji hupata njia. Usilifue kwa sabuni ya unga. Sabuni huondoa kinga iliyopakwa na huacha mabaki yanayovuta maji.

Dagaa, na kosa la kufunika

Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika siku za giza, na mzigo huja kwa wingi katika siku hizo chache za mwezi. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa hawajakauka, hubadilika rangi, huota ukungu na huvunjika, na anayetarajia kuwauza kwa chakula cha watu huwauza kwa chakula cha kuku. Mama anayenunua turubai kwa mkopo wa kikundi anakinga marejesho yake pamoja na dagaa wenyewe. Katika masoko ya mwaloni kasoro ya turubai la bei rahisi hugeuka deni.

Hata hivyo turubai zima linaweza kuharibu dagaa bila tone la mvua kuingia. Dagaa wenye joto na unyevu wakifunikwa kwa plastiki iliyowagusa, mvuke wao hupanda, hugota kwenye plastiki na kuwarudia kama matone. Turubai liinuliwe juu ya kichanja kwa fito, liache nafasi ya hewa pande mbili, na kingo zake zishuke chini ya kimo cha dagaa. Mvua ikikatika, lifunuliwe mara moja. Wanaoanika juu ya vichanja badala ya mchanga wana nafuu nyingine: maji yanayotiririka ardhini hayawafikii.

Kusimamisha

Penye uwanja wa kuchagua, usisimamishe hema bondeni wala kwenye mfereji mkavu, hata kama pana kivuli kizuri. Vilima vya mawe vya Mwanza humwaga maji chini kwa kasi, na mfereji uliokuwa mkavu saa nane mchana unaweza kujaa saa tisa. Mgongo wa turubai uwe juu, upande mfupi uelekezwe kunakotoka upepo, na kamba zikazwe upya jioni kwa sababu nyuzi nyingine hulegea zikilowa.

Kamba yenyewe ni mfereji. Maji hutiririka juu yake kutoka kwenye mti au nguzo mpaka ndani ya hema. Funga uzi mfupi unaoning'inia kwenye kamba, hatua moja kabla haijafika kwenye kitambaa, na maji yatashuka kwa uzi huo na kudondoka nje. Zulia la plastiki linalotandikwa chini ya hema lisizidi ukubwa wa sakafu. Likizidi, hukinga mvua ya ukutani na kuipeleka chini ya walalao.

Gari lenye paa la kuinua

Magari ya kukodi yenye paa la kuinua na kuta za kitambaa, pamoja na mahema yanayofungwa juu ya paa la gari, yanaendelea kuzoeleka kwa familia na vikundi vinavyokwenda Serengeti kwa barabara ya Mwanza–Musoma. Anayekodi anahitaji kujua kwamba magari haya yana njia tatu za kuvuja ambazo hema la kawaida halina. Ya kwanza ni mpira wa kuziba unaozunguka paa: ukikakamaa au ukipasuka, maji huingia paa likiwa limeshushwa na gari likiwa mwendoni. Ya pili ni matundu ya bolti zilizoshikilia hema au reli, ambayo silikoni yake hubanduka kutokana na mtikisiko wa barabara za changarawe. Ya tatu hudharauliwa kuliko zote: mkanda au kipande cha kitambaa kilichobanwa kati ya paa na bodi wakati wa kufunga. Mkanda huo hunyonya maji kutoka nje na kuyadondoshea godoro usiku kucha.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba paa liinuliwe na limwagiwe maji kwa mpira wa bustani au ndoo kadhaa kutoka pande zote, huku mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Vuta zipu zote hadi mwisho. Nusa godoro: harufu ya ukungu inaeleza historia ya gari kuliko mwenye gari. Mkataba utaje nani atabeba gharama endapo hema litavuja na safari ikakatishwa, na amana itarejeshwa kwa masharti gani endapo gari litarudishwa kitambaa kikiwa kimelowa. Tusiwaonee wakodishaji katika hili la mwisho. Hema lililorudishwa limekunjwa na maji ndani yake laweza kuota ukungu ndani ya siku chache, na hasara hiyo ni ya kweli.

Unyevu utokao ndani

Kuna walalamikaji wanaoamka wamelowa ilhali kitambaa chao ni kizima. Kila mtu mzima hutoa kwa pumzi na kwa ngozi maji yanayokaribia glasi moja kwa usiku. Watu wanne katika hema lililofungwa kila mahali hutengeneza mvua yao wenyewe, kwa kuwa mvuke hukutana na kitambaa kilichopozwa na mvua ya nje na kugeuka matone. Dawa yake ni kuacha wazi matundu ya hewa yenye chandarua, moja juu na jingine chini, hata mvua ikinyesha, na kutoweka nguo zilizolowa ndani.

Baridi ya mvua huwashawishi wengine kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema au gari. Hapa tunazungumza bila kulainisha: jiko la mkaa ndani ya hema lililofungwa huua. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hasikii chochote. Jiko lililobaki na makaa mekundu tu, bila moshi, ni la hatari vilevile. Libaki nje. Aidha, hema si kinga ya radi. Ngurumo zikikaribia, hamia kwenye jengo imara au ndani ya gari lenye bodi na paa la chuma, na kama gari lina paa la kuinua, lishushwe kwanza.

Kukausha kabla ya kukunja

Turubai au hema likunjwe likiwa kavu kabisa, pamoja na mishono na kamba zake. Mvua ikilazimisha kukunja likiwa limelowa, lifunguliwe siku hiyohiyo au kesho yake, lianikwe kivulini penye upepo. Lisikunjwe kwa mistari ileile kila mara, kwa sababu utando hupasukia pale ulipozoea kukunjika. Chumba chenye bati na joto kali si ghala zuri kwa hema la nailoni: utando wake wa ndani hugeuka kuwa wa kunata, na hapo halina ukarabati wa maana.

Haki ya mlaji

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Aidha, mnunuzi anapomweleza mfanyabiashara wa bidhaa hizo kazi anayoitakia bidhaa, akategemea utaalamu wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo usiseme tu, "Nipe turubai." Sema, "Nataka turubai la kufunika dagaa nje msimu wote wa Masika," na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti, hata kwa kalamu nyuma yake, pamoja na ukubwa na uzito. Sheria hiyo ina upande wa pili ambao wanunuzi wengi hawaujui: aliyeikagua bidhaa kabla ya kuinunua anaweza kukosa haki ya kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ukikagua, kagua kweli. Kutupia jicho kwa heshima ya muuzaji kunaweza kukugharimu.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu ubora wa bidhaa. Kumwambia mteja kwamba turubai halipitishi maji ilhali linapitisha ni maelezo ya aina hiyo. Lile tangazo linalobandikwa ukutani, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi," haliondoi haki ambazo sheria imempa mlaji, na mlaji asirudi nyumbani kimya kwa sababu ameonyeshwa karatasi hiyo.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki. Kwa wauzaji wadogo ambao sheria haiwalazimishi kuwa na mashine, chukua risiti ya mkono yenye jina, tarehe na namba ya simu, na upige picha turubai likiwa bado mbele ya meza yake.

Likivuja, rudi kwanza kwa muuzaji, mapema iwezekanavyo, ukiwa na turubai lenyewe na risiti. Mkishindwa kuelewana, andika lalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kama shauri ni la ukubwa uliopunjwa, Wakala wa Vipimo ndio wahusika, na kama bidhaa ina alama ya ubora unayoitilia shaka, waone Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Katika lalamiko eleza siku uliponunua, maneno uliyoambiwa, siku mvua iliponyesha na mahali hasa maji yalipopita, ukipazungushia chaki au kalamu ya wino. Usilitie kiraka, usilipake gundi, wala usilifue kabla halijaonwa na anayelishughulikia lalamiko lako.